Haoni, au Hataki Kuona? Utambuzi Hafifu kwa Wenye OCD na Wanaolimbikiza Vitu

Mlango unafunguka nusu tu, kwa sababu nyuma yake kuna magunia matatu ya nguo. Juu ya magunia kuna mifuko ya plastiki iliyokunjwa pembe kwa pembe na kufungwa uzi mafungu mafungu, ile mifuko ya dukani ambayo Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Mama anayeishi humo, wa miaka 63, hupita kiubavu kutoka mlangoni hadi kitandani, na kitandani kwenyewe amebakiza nafasi ya mtu mmoja aliyejikunja. Kwingine kote ni magazeti, mikebe ya majarini, na vifuniko visivyo na mikebe yake. Mwanawe akija Manyatta, Kisumu, kutoka Nakuru mwisho wa mwezi husema, "Mama, hapa hapakaliki." Naye hujibu taratibu, bila hasira: "Mwanangu, vitu vyangu nimevipanga. Ni nyumba tu ndiyo ndogo."

Mama huyu ni wa kutunga, tupate mtu wa kumtazama tunapoeleza. Jibu lake ni la kawaida mno katika familia zenye ugonjwa wa kulimbikiza vitu, na linachoma kwa sababu halifanani na uongo. Hakika si uongo.

Methali inayokuja mdomoni haraka ni nyani haoni kundule. Watu huitumia kwa kejeli, kana kwamba nyani amekataa kugeuka. Lakini imalizie, "huliona la mwenzake", utakuta imegusa jambo ambalo watafiti wamelipiga picha. Mwaka 2012 David Tolin na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti ambapo watu wenye ugonjwa wa kulimbikiza walilala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakiamua karatasi zipi zibaki na zipi zikatwekatwe. Baadhi zilikuwa karatasi zao, walizotoka nazo nyumbani, na nyingine zilikuwa za watu wengine. Kulikuwa na sehemu mbili za ubongo zilizotazamwa kwa makini, insula na singulati ya mbele, ambazo husaidia kupima kama jambo lililo mbele yako lina uzito. Kwa karatasi za wengine, sehemu hizo zilikuwa zimepoa kuliko za watu wasio na ugonjwa. Kwa karatasi zao wenyewe, zilichemka kupita kiasi. Ndiyo maana mama wa Manyatta anaweza kuingia kwa jirani, akaona magazeti ya mwaka mmoja yamerundikana, akasema kwa dhati kwamba jirani anahitaji kufagia.

Kwa hiyo swali la "haoni au hataki kuona" limekaa vibaya tangu mwanzo. Ndani ya "haoni" mna mambo kadhaa tofauti ambayo, ukisimama mlangoni, yanafanana. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya hili hulitia lile sumu.

Magonjwa mawili, sauti mbili

OCD, kama wengi wanavyoiita kwa herufi hizo tu, ni ugonjwa wa fikra sumbufu zinazojirudia pamoja na vitendo ambavyo mtu hujiona amelazimika kuvifanya ili fikra hizo zitulie: kunawa, kukagua kufuli, kuhesabu, kuomba toba ileile mara 30. Kiswahili kina neno la kale kwa hali hii, ila limechakaa kwa matumizi. Wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu, waswas, mnong'ono wa shaka. Muislamu wa Mumias au wa Bondeni, Nakuru, anapomtaja mtu mwenye wasiwasi wa udhu, yule anayerudia kutawadha mpaka wakati wa sala unampita, anataja kitu ambacho daktari angekiandika OCD. Inakadiriwa kwamba watu 2 hadi 3 katika kila 100 huipata wakati fulani maishani.

Ugonjwa wa kulimbikiza ni ule wa kushindwa kuachana na vitu, viwe na thamani au visiwe nayo, mpaka vyumba vinashindwa kufanya kazi yake. Kwa muda mrefu ulihesabiwa kama tawi la OCD, au kama tabia tu ya mtu. Mwaka 2013 mwongozo wa kubainisha magonjwa wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliupa jina lake wenyewe, na ainisho jipya la magonjwa la Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, likafanya hivyo hivyo. Miongozo yote miwili inamtaka daktari aandike pia kiwango cha utambuzi: je, mgonjwa anajua kwamba anachokiamini huenda si kweli, na kwamba mwenendo wake ni tatizo? DSM-5 ina ngazi tatu: utambuzi mzuri au wa wastani, utambuzi hafifu, na kutokuwepo kabisa, ambapo mtu ana yakini isiyotikisika. Kwa OCD, ngazi hii ya mwisho ni ya wachache, asilimia 4 au chini ya hapo. Kwa kulimbikiza hali ni mbaya zaidi, hasa ukiwauliza jamaa badala ya mgonjwa.

Sababu ya tofauti hiyo iko kwenye sauti. Wazo la OCD huingia kama mgeni asiyepiga hodi: mama anayempenda mtoto wake anapitiwa na picha ya kumdhuru, na anashtuka, kwa sababu anajua halikutoka moyoni mwake. Wazo la kulimbikiza ni la hapa hapa nyumbani. Linasema kwa sauti ya marehemu nyanya: akiba haiozi. Nani atalishuku? Mtu aliyelelewa ambako mkebe mtupu ulikuwa kikombe na gazeti lilikuwa la kufungia nyama ana ushahidi wa miaka 40 kwamba kutunza ni busara. Ugonjwa haumzulii imani mpya. Unachukua imani nzuri na kuiondolea breki.

Utambuzi hauna kituo kimoja

Watu huuzungumzia utambuzi kama kimo cha mtu, kwamba anao au hana. Kwa OCD hasa, hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Chukua kijana wa chuo anayeishi kwenye ploti ya Section 58, Nakuru. Saa nne asubuhi, kwenye kiti cha kliniki, anasema kwa ufasaha kabisa, "Najua mikono yangu ni safi, ni akili tu inanisumbua." Daktari anaandika: utambuzi mzuri. Saa moja jioni kijana ameshika komeo la choo cha pamoja, kisha amesimama mferejini. Pale ule ufasaha umeyeyuka. Anaamini, kwa kiasi cha 90 kwa 100, kwamba akigusa sufuria atamuua mtu kwa kipindupindu. Saa tatu usiku, mikono ikiwa imepauka na kupasuka kwenye maungio ya vidole, anaamini kwa 30.

Kwa hiyo "unaamini hivyo kweli?" ni swali bovu ukiuliza mahali pasipo na hofu. Swali lenye faida ni hili: "Ukiwa pale mferejini, dakika ileile, kati ya 0 na 100 uliamini kiasi gani?" Mwambie aandike namba hapo hapo, kwa simu ama kwenye kipande cha karatasi, kwa siku saba. Namba 21 za jioni saba, tatu kila jioni, zitamfaa daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Kuna jambo lingine linaloficha utambuzi hafifu huku kwetu: hofu za OCD mara nyingi zina shahidi wa kuaminika. Kipindupindu kimeingia Kisumu zaidi ya mara moja. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila kituo cha matatu kilikuwa na ndoo na sabuni. Anayenawa sana alipata cheti cha raia mwema. Kumwambia kwamba viini havipo ni kumdanganya, na anajua. Tofauti haiko kwenye kama viini vipo, iko kwenye kipimo. Kunawa kwa sabuni sekunde 20 ni ushauri wa afya. Kunawa dakika 40, kumaliza jerikeni mbili za lita 20 na robo ya mche wa sabuni, kisha kuanza upya kwa sababu kiwiko kimegusa mlango, huo ndio ugonjwa. Ukibishana kuhusu viini utashindwa. Zungumzia jerikeni.

Mafundo matatu

Mwaka 2010 watafiti Randy Frost, Tolin na mwenzao Maltby walipendekeza kwamba kile tunachokiita utambuzi hafifu kwa wanaolimbikiza kigawanywe mara tatu. Mgawanyo huo, kwa maoni yetu, ndio chombo bora alichonacho mtu wa familia, na unafaa kwa OCD pia.

Fundo la kwanza ni kutoona kwenyewe. Mwaka 1914 daktari Mfaransa Joseph Babinski aliwaeleza wagonjwa waliopooza upande wa kushoto baada ya kiharusi na ambao hawakujua kwamba wamepooza. Ukiwaambia wainue mkono, walidhani wameuinua. Kwa anayelimbikiza hakuna sehemu ya ubongo iliyokufa hivyo, na ni kosa kumchora kama mgonjwa wa kiharusi. Lakini kuna kuzoea kunakofanana na hali hiyo. Anayeuza omena hasikii harufu ya omena. Kila siku rundo limeongezeka kwa unene wa gazeti moja, na jicho halikupata siku ya kushtuka. Mtu wa fundo hili hakasiriki ukimwuliza. Anatazama unakoelekeza kidole, kisha anakutazama wewe, asielewe unachokionyesha.

Fundo la pili ni kuona na kuamini. Huyu anajua chumba kimejaa. Anaweza hata kukitania. Ila kila kitu kina hoja: risiti ya 2009 itahitajika kwa kesi, vifuniko vitapata mikebe, nguo ndogo ni za mjukuu ambaye hajazaliwa. Hoja zenyewe si za kichaa, ukizichukua moja moja. Kosa liko kwenye jumla, na jumla ndiyo asiyoipiga. Kwa OCD ndiye yule asemaye, "Naam, nakagua gesi mara 20, lakini nyumba haijawahi kuungua, sivyo?" Hapo kitendo kimechukua sifa ya kitu ambacho hakingetokea hata hivyo.

Fundo la tatu ni kujihami, nalo ndilo linalokosewa zaidi. Huyu anaona na ana aibu. Amekemewa na watoto, amechekwa na msimamizi wa ploti, ametishwa na mwenye ploti, na kila anayekuja anakuja na mfuko wa taka mkononi. Kukana ndiko ukuta uliobaki. Dalili yake ni kwamba maneno hubadilika kulingana na anayeuliza: kwa mwanawe anasema hakuna shida, lakini kwa mhudumu wa afya ya jamii aliyekaa naye dakika 20 nje, chini ya mwembe, bila kutaja taka, anasema mwenyewe, "Huyu mtoto wangu haelewi, mimi hata wageni nimeacha kuwakaribisha." Mwenye fundo la tatu hakosi utambuzi. Anakosa mtu wa kumwambia. Na fundo hili, tuseme wazi, mara nyingi hufungwa na sisi jamaa.

Mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu, kila moja kwa kitu chake: haoni vumbi, anaamini magazeti, anaona aibu ya choo.

Kuuliza bila kubishana

Mwaka 1998 Jane Eisen na wenzake walitoa kipimo cha maswali saba kuhusu imani za mgonjwa. Sita kati yake hupewa alama 0 hadi 4, jumla 24, na kadiri alama zinavyopanda ndivyo utambuzi ulivyo hafifu. Kutoa alama ni kazi ya aliyefunzwa, lakini mpangilio wa mawazo yake unamfaa yeyote. Kwanza chagua imani moja, isemwe kwa sentensi moja: "Nikitupa mifuko hii, nitakuja kuihitaji na nitakosa." Kisha uliza: una uhakika gani? Watu wengine wanalionaje? Unadhani kwa nini wao wanaliona tofauti? Nini kingekufanya ubadili mawazo? Huwa unajaribu kulipinga wazo hili? Na limetoka wapi, kwenye hali halisi au kwenye ugonjwa?

Swali la tatu ndilo lenye utajiri. "Wao wako sawa, mimi ndiye nimeshindwa" ni mtu aliye tayari kusaidiwa leo. "Wao hawajui shida tuliyopitia" ni fundo la pili. "Nani amesema wanaliona tofauti?" ni la kwanza. Akikugeuzia swali, "Nani amekutuma?", umefika kwenye la tatu, funga daftari, zungumzeni kuhusu mvua.

Kwa kulimbikiza kuna pia picha. Frost na wenzake walitengeneza mfululizo wa picha 9 kwa kila chumba, jikoni, sebuleni na chumba cha kulala, kutoka kitupu hadi kilichojaa mpaka juu. Mtu huonyesha inayofanana na chumba chake, na kuanzia namba 4 kwenda juu ni dalili ya tatizo. Udhaifu wake kwetu ni kwamba picha ni za nyumba zenye vyumba vilivyotengana. Chumba kimoja cha Nyalenda, Kisumu, ni jiko, sebule na malazi kwa pamoja, na hata bila ugonjwa wowote kinaonekana kimebanana. Hapo ni bora kuuliza kazi badala ya mwonekano: je, mnapika mahali pa kupikia, analala kitandani akiwa amenyooka, mlango unafunguka wote? Lakini jambo moja kwenye zile picha linabaki na maana popote. Mama akisema 3 na mgeni akasema 7, ile tofauti ya 4 ndiyo kipimo cha fundo la kwanza. Wakati mwingine picha ya simu ya chumba chenyewe, iliyopigwa kwa ruhusa yake, hufanya kile ambacho macho yameshindwa. Jicho lililozoea chumba halijaizoea picha.

Kabla ya kumbandika mtu jina la ugonjwa, angalia kama vitu vinatoka. Wanaookota chupa na vyuma kule jalala la Gioto, Nakuru, huwa na marundo makubwa kuliko ya mama yetu, lakini rundo lao lina siku ya kupimwa kilo na kuuzwa. Hiyo ni biashara. Umaskini nao hufanya watu watunze vitu. Na mtu mzima ambaye hakuwa hivyo, akaanza ghafla uzeeni kukusanya takataka pamoja na kubadilika tabia au kusahau, apimwe ubongo kwanza, kwa sababu baadhi ya maradhi ya ubongo ya uzeeni, yale ya kupoteza kumbukumbu, huanza hivyo. Ugonjwa wenyewe wa kulimbikiza kwa kawaida huanza ujanani, polepole, na kuonekana wazi miaka mingi baadaye.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kosa kubwa lina hadithi moja kila mahali. Mama amekwenda matangani Siaya siku nne. Watoto wanakodi pikapu, wanabeba magunia 30, wanapaka rangi, wananunua zulia. Wanamsubiri kwa furaha. Mama anaingia, anatafuta kwa macho, halafu anakaa kimya. Miezi michache baadaye nyumba imejaa tena, mara hii kwa kasi zaidi, na kufuli ni mpya.

Halikushindikana kwa sababu hana shukrani. Kazi ya kuamua, ambayo ndiyo iliyolemaa, haikufanywa na yeye, kwa hiyo haikupata mazoezi. Mlango wa kuingizia vitu haukuguswa. Yaliyotupwa yalikuwa na uzito wa msiba ndani yake, na wengine huanguka kwenye huzuni kali kiasi cha kuhitaji kuangaliwa. Na sasa ana ushahidi kwamba akitoka, ataibiwa. Mtu aliyekuwa na fundo la pili peke yake amefungiwa na la tatu.

Kosa la pili ni dogo na la kila siku: kubishana kwa hoja. Kila ukimpa sababu ya kutupa, unamlazimisha atafute sababu ya kutunza, na anayeisikia zaidi hoja hiyo ni yeye mwenyewe. Kwa OCD kosa la namna hii ni kutuliza. "Nimefunga gesi?" "Umefunga, mume wangu." Amani hudumu dakika tatu, swali linarudi, na mke amegeuka kuwa sehemu ya mzunguko. Hata sheikh au mchungaji mwema hunasa hapa, akijibu swali lilelile la toba mara 15 kwa wiki. Fiqhi ya Kiislamu ina kanuni inayofaa sana: yakini haiondolewi na shaka. Sheikh na aitamke mara moja, kisha wakubaliane kwamba swali hilohilo likirudi, jibu litakuwa, "Nilishakujibu."

Kuanzia pale mnapokubaliana

Hahitaji kukubali kwamba ni mgonjwa ili kazi ianze. Hili huwashangaza watu wengi. Tafuta jambo moja ambalo nyote wawili hamlitaki, na kwa kulimbikiza mara nyingi jambo hilo ni moto, kuanguka, panya, au kufukuzwa na mwenye ploti.

"Mama, sijaja kutupa kitu. Naogopa tu ile jiko ya makaa karibu na magazeti."

"Hata mimi hiyo imenisumbua."

Hapo mmekwisha anza. Lengo la kwanza liwe usalama, si usafi: mita moja bila karatasi wala nguo kuzunguka jiko, njia ya upana wa mlango, karibu sentimita 90, kutoka kitandani hadi nje, mlango mkuu ufunguke wote, soketi zionekane, marundo yasizidi kimo cha kifua yasije yakamwangukia. Hapo vitu vinahamishwa tu. Havitupwi.

Kupanga kuje baadaye, dakika 15 hadi 20 kwa mara moja, aina moja tu ya kitu. Anza na visivyouma: mikebe kabla ya barua, barua kabla ya nguo za marehemu. Mwenye mali ndiye anayeshika na kuamua. Mkono wako ubaki mapajani mpaka akuombe. Weka sehemu tatu, za kubaki, kugawa na kutupa, na boksi moja la "sijui" lenye tarehe ubavuni. Boksi likijaa hakuna la pili mpaka la kwanza lifunguliwe. Uliza maswali, usitoe majibu: "Ukikihitaji kesho ungekipata wapi, kwa shilingi ngapi?" Cha kutupwa kitoke siku hiyohiyo kabla ya giza, maana usiku ni mrefu na mfuko ulio mlangoni hufunguliwa. Halafu kuna upande wa kuingiza, ambao familia nyingi husahau. Jumapili moja nendeni soko la Kibuye pamoja, mzunguke mitumba, mguse, muulize bei, mrudi mikono mitupu. Aseme hamu ilikuwa ngapi kati ya 0 na 100 alipokuwa pale, na ngapi mlipofika nyumbani. Kwa kawaida imeshuka, na hilo ameliona mwenyewe bila kuambiwa. Tiba kamili iliyoundwa na Gail Steketee na Frost ni ya takriban vikao 26 pamoja na ziara za nyumbani. Wengi hupata nafuu, wachache hupona kabisa.

Kwa OCD, tiba yenye ushahidi mkubwa ni kukabili hofu bila kufanya kitendo, njia iliyoanzishwa na Victor Meyer mjini London mwaka 1966. Mgonjwa hutengeneza ngazi ya hofu, 0 hadi 100, na kupanda kidato kwa kidato: leo kushika komeo la chumba chake na kukaa nusu saa bila kunawa, wiki ijayo komeo la choo. Mwenye utambuzi hafifu huanza chini zaidi, na zoezi lipewe sura ya jaribio badala ya somo. Aandike utabiri kabla: "Nisiponawa, jirani ataugua ndani ya siku tatu, uhakika 80." Siku ya nne mtazame karatasi. Huna haja ya kusema neno. Familia nayo ipunguze kushiriki kwa mpango uliotangazwa, si kwa ghafla: kutoka jerikeni nne kwa siku hadi tatu kuanzia Jumatatu, kwa makubaliano, na tatu zikizoeleka, mbili. Jambo moja lisingoje mpango wowote: wanaosafisha kupita kiasi huchanganya dawa. Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na ndani ya bafu lisilo na dirisha gesi hiyo inaweza kumwangusha mtu.

Dawa, na safari ya kliniki

Dawa za kundi la fluoksetini husaidia OCD hata pale utambuzi ni hafifu. Dozi huwa kubwa kuliko ya sonona: kwa fluoksetini yenyewe daktari huanza mara nyingi na miligramu 20 na kupandisha hadi 40 au 60, wakati mwingine 80, na matokeo husubiriwa wiki 8 hadi 12. Wanaoacha wiki ya tatu kwa kuwa "haifanyi kazi" hawajaijaribu. Wiki za mwanzo, hasa kwa walio chini ya miaka 25, aangaliwe asipatwe na mawazo ya kujiua, na isikatizwe ghafla. Kosa linalojirudia ni kumwona mtu mwenye yakini kali, kumwandikia skizofrenia, na kumpa dawa za saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia) peke yake. Hizo huongezwa pale dawa ya kwanza imeshindwa. Hazishiki nafasi yake. Dalili zikipungua, utambuzi nao hupanda, kwa hiyo si lazima ungojwe kwanza. Kwa kulimbikiza ushahidi wa dawa ni mwembamba, ingawa sonona inayoandamana nako hutibika.

Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, hospitali ya rufaa ya kaunti ya Nakuru na ile ya Moi mjini Eldoret zina huduma za afya ya akili. Jamaa anaweza kwenda mara ya kwanza peke yake kuuliza, akiwa na maandishi: dakika kwa siku, jerikeni kwa siku, upana wa njia, mara ngapi chakula kimeozea ndani. Mgonjwa mwenyewe huingia kwa urahisi kupitia mlango mwingine alioukubali, mikono iliyopasuka, usingizi, mgongo, presha, na muuguzi aliyekwisha dokezwa hufika polepole kwenye lile jingine. Ila mwambieni kweli mnakokwenda. Wanaompandisha mama boda boda kwa kisingizio cha kumtembelea dada yake, kisha akajikuta kwenye foleni ya wagonjwa wa akili, hupata ziara moja tu, na mara ijayo hata kwa dada yake kweli hatakubali kupanda.